Anayeamuru Askari Wasio Wake: Kazi ya Kamanda wa Operesheni za Pamoja

Alfajiri ya tarehe 2 Mei 1982, katika Atlantiki ya Kusini, wakati Uingereza na Argentina zikipigania visiwa vya Falklands, Admirali Sandy Woodward wa Uingereza alikuwa amebanwa pande mbili. Kaskazini yake ilikuwapo meli ya Argentina ya kubebea ndege, ambayo Waingereza walikuwa wamepotezana nayo. Kusini-magharibi ilikuwapo manowari General Belgrano, ikisindikizwa na nyingine mbili. Nyuma ya Belgrano, chini ya maji, nyambizi ya Waingereza iitwayo Conqueror ilikuwa ikiifuata kimyakimya. Woodward ndiye aliyeongoza meli za kivita zilizokabiliwa na hatari hiyo, lakini hakuwa na mamlaka ya kuiamuru nyambizi ile ishambulie. Nyambizi ziliongozwa kutoka Northwood, kando ya London, takriban kilomita 13,000 kutoka pale alipokuwa.

Woodward aliituma amri ya kushambulia akijua fika kwamba si yake kuitoa, na Northwood wakaizuia kabla haijaifikia nyambizi. Hata hivyo ujumbe ulikuwa umefika ulikokusudiwa. Admirali John Fieldhouse, aliyeongoza operesheni nzima akiwa Northwood, na mkuu wa majeshi Terence Lewin walilifikisha suala kwa mawaziri waliokuwa wamekutana Chequers, nyumba ya mashambani ya waziri mkuu. Kanuni za kushambulia zikabadilishwa, ruhusa ikapatikana, na siku hiyohiyo Belgrano ikazamishwa. Watu 323 walikufa. Uamuzi ule umebishaniwa tangu wakati huo, kwa kuwa Belgrano ilikuwa nje ya eneo ambalo Uingereza ilikuwa imelitangaza kuwa marufuku. Ninalotaka lionekane hapa ni njia ambayo amri ilipitia. Kamanda aliye baharini aliona haja, serikali ikawa na neno la mwisho, na katikati alikaa mtu mmoja aliyejua nini ni cha nani na nani anaweza kuamuru nini.

Kiti hicho cha katikati ndicho makala haya yanakusudia kukifafanua. Uingereza na Australia humwita anayekikalia Mkuu wa Operesheni za Pamoja. Kanada ina Kamandi ya Operesheni za Pamoja tangu 2012, na Japani ilianzisha yake Machi 2025. Watu wengi humchanganya ofisa huyu na mkuu wa majeshi, au humdhania kuwa jenerali aliye mstari wa mbele. Si huyu wala si yule.

Ili kumwelewa inabidi kutenganisha kazi tatu ambazo kwa mtazamaji wa nje huonekana kuwa moja. Ipo kazi ya kulijenga jeshi: kuandikisha kuruti, kuwafunza, kununua vifaru, meli na ndege na kuvitunza. Hiyo ni ya wakuu wa kamandi za nchi kavu, majini na anga. Ipo kazi ya kuishauri serikali, kumwambia kiongozi wa nchi bila kuficha kama jambo analolitaka linawezekana na litagharimu nini. Hiyo ni ya mkuu wa majeshi. Kisha ipo kazi ya kulitumia jeshi leo, mahali fulani, kwa lengo fulani, na hiyo ndiyo ya kamanda wa operesheni za pamoja. Yeye hana kambi ya kuruti, hanunui ndege, wala hapandishi mwanamaji cheo. Anapokea vikosi vilivyokwisha kuandaliwa, anavitumia, kisha anavirudisha kwa wenyewe. Karibu kila anachokiamuru ni cha kuazima, na ugumu wa kiti chake unaanzia hapo.

Kwa nini basi vita vya baharini wasiachiwe wanamaji, na vya angani wasiachiwe wanaanga? Jibu limeandikwa kwa vifo. Aprili 1980 Marekani ilijaribu kuwaokoa mateka waliokuwa wakishikiliwa Tehran. Makomandoo walitoka jeshi la nchi kavu, ndege za usafirishaji zilikuwa za jeshi la anga, na helikopta zilikuwa za jeshi la majini, nyingi zikirushwa na marubani wa kikosi cha Marine. Walifanya mazoezi kwa mafungu. Zoezi moja kamili la wote kwa pamoja halikufanyika. Helikopta nane ziliondoka melini, na jangwani zikabaki tano zinazoweza kuendelea, ilhali mpango ulihitaji sita. Safari ikavunjwa. Wakati wa kuondoka, helikopta moja iligonga ndege ya usafirishaji na askari wanane wakafa. Tume iliyoongozwa na Admirali James Holloway ilionyesha kwamba hapakuwapo kikosi cha pamoja kilichokwisha kuundwa ambacho kingeweza kupewa kazi ile. Kila kitu kilishonwa upya, kwa siri na kwa haraka.

Miaka mitatu baadaye, katika uvamizi wa Grenada, kisiwa cha Karibi, askari wa Marekani wa nchi kavu walijikuta na redio zisizoweza kuzungumza na meli zilizokuwa zikiwaunga mkono. Bunge la nchi hiyo lilichoka kusubiri majeshi yajirekebishe yenyewe. Sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986 iliweka mstari mmoja wa amri: kutoka kwa rais kwenda kwa waziri wa ulinzi, na kutoka kwake moja kwa moja kwa kamanda wa kamandi ya mapambano. Wakuu wa majeshi ya nchi kavu, majini na anga walitolewa kwenye mstari huo, na mwenyekiti wao akabaki mshauri. Marekani ina kamandi 11 za namna hiyo, nyingine zikigawiwa maeneo ya dunia na nyingine kazi maalumu kama usafirishaji, kwa hiyo kiti ninachokieleza kimegawanywa kwa watu wengi. Nchi ndogo zaidi hukiweka kwa mtu mmoja.

Argentina ilijifunza somo hilo kwa uchungu zaidi katika vita vilevile vya Falklands. Majeshi yake matatu yalipigana kwa ushujaa usiopingika, hasa marubani wake, lakini kwa sehemu kubwa kila moja lilipigana vita vyake. Tume ya Jenerali Benjamín Rattenbach, iliyoundwa baada ya kushindwa, ilikosoa vikali ukosefu huo wa uratibu. Ukiwa na ndege nzuri, meli nzuri na askari hodari lakini huna mtu wa kuviunganisha, adui atakukabili kipande kimoja baada ya kingine.

Sasa tuje kwenye fumbo ambalo hata baadhi ya wanajeshi huliona la ajabu. Uingereza na Australia, kamanda wa operesheni za pamoja huwa na nyota tatu, yaani ni luteni jenerali au mwenye cheo kinacholingana na hicho katika majini au anga. Inakuwaje basi ofisa huyu aongoze meli na vikosi huku nchini wakiwapo maofisa wanaolingana naye cheo au wanaomzidi? Nguvu yake inatoka kwenye karatasi. Operesheni inapoidhinishwa, mkuu wa majeshi humwandikia maagizo yanayotaja lengo, mipaka ya eneo, vikosi anavyopewa, muda, na mambo asiyoruhusiwa kuyafanya bila kuuliza. Maagizo hayo ndiyo yanayomfanya awe mkubwa kwa kazi ile, na mwenye nyota nyingi zaidi asiyetajwa humo hana neno.

Hata ndani ya maagizo hayo, mamlaka hupimwa. Upo uwezo mpana unaomruhusu kamanda kukipa kikosi kazi mpya na kukipanga upya anavyoona inafaa. Upo mwembamba zaidi, wa kukiongoza tu katika kazi iliyokwisha kutajwa, mahali palipotajwa na kwa muda uliotajwa. Upo mwembamba kuliko huo, wa kuelekeza mienendo ya papo kwa papo tu, kama vile kuiambia ndege izunguke wapi. Mamlaka kamili, yanayohusu malezi, nidhamu na maisha ya askari, kwa kawaida hayaazimwi kabisa. Nani amepewa kiasi gani ndilo swali lililomkwamisha Woodward. Msomaji wa habari za vita ataona tu kwamba manowari imeshambulia, lakini nyuma ya shambulio hilo ipo aya moja ya maagizo inayosema ilikuwa chini ya nani saa ile.

Makao makuu yake hayafanani na handaki. Ni ofisi kubwa yenye maofisa wanadhimu kutoka majeshi yote na raia wengi, waliogawanywa katika idara zinazotambulishwa kwa herufi J na namba. J2 ni ya upelelezi, J3 inaendesha operesheni, J4 inashughulikia ugavi, J5 inapanga yajayo, J6 ni ya mawasiliano. Walio J3 wanaangalia saa na siku zilizo mbele yao. Walio J5 wanaangalia miezi, wakiandaa mipango ambayo mingi, tuombe Mungu, haitatumika. Kamanda husimama kati ya hao wawili. Akizama kwenye ya leo, kesho itamkuta hajajiandaa. Akizama kwenye mipango, jambo dogo la usiku linaweza kukua bila yeye kujua.

Na kazi hizo si vita tu. Agosti 2021, Kabul ilipoanguka, aliyekalia kiti hiki Uingereza alikuwa Admirali Ben Key. Katika muda wa takriban wiki mbili watu wapatao 15,000 waliondolewa. Ilibidi askari wa miavuli walinde uwanja wa ndege, marubani wapishane katika njia moja ya kurukia, madaktari wapokee watoto na wazee, na maofisa wa ubalozi na wa uhamiaji wakague hati za watu waliojaa kwenye malango. Wengi wa watumishi hao hawakuwa wanajeshi, na hakuna maagizo ya kijeshi yanayoweza kumwamuru ofisa wa ubalozi. Kamanda wa operesheni za pamoja hutumia sehemu kubwa ya siku yake kuomba, kushawishi na kukubaliana na watu asioweza kuwaamuru, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipaji kinachowatenganisha waliokiweza kiti hiki na walioshindwa nacho.

Wote wanaoomba kitu kutoka kwake huwa na hoja. Jenerali wa nchi kavu anataka ndege ziwalinde askari wake. Mwanaanga anataka ndege hizohizo zivunje madaraja ya adui mbali na medani. Mwanamaji anataka zilinde meli, kwa kuwa meli zikizama wote wamekwisha. Desturi ya operesheni za pamoja ni kutaja waziwazi, kwa kila awamu, nani ndiye anayeungwa mkono na nani wanaomuunga mkono. Awamu ikibadilika, nafasi hizo hubadilika pia. Kutaja huko kunaonekana jambo dogo, lakini bila hilo kila mmoja huhesabu kwamba ni zamu yake.

Kisha kuna vyombo vyenyewe. Katika vita vya Ghuba vya 1991, mashambulizi yote ya angani yalipangwa katika waraka mmoja wa kila siku, uliotaja ndege ipi iende wapi na saa ngapi. Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba meli za Marekani za kubebea ndege hazikuwa na mitambo ya kuupokea waraka huo mnene kutoka mfumo wa jeshi la anga, ikabidi nakala zake zichapwe na kupelekwa melini kwa ndege. Umoja wa amri unaweza kuandikwa katika sheria kwa siku moja. Umoja wa mitambo hudai miaka na bajeti, na bajeti ziko mikononi mwa wakuu wa kamandi, si za kamanda huyu.

Ningependa kusisitiza ugavi, kwa sababu wasomaji wengi huuruka. Tarehe 25 Mei 1982 makombora ya Argentina yaliipiga meli ya mizigo Atlantic Conveyor. Ndani yake zilikuwamo helikopta kubwa nne za aina ya Chinook. Moja ilinusurika kwa sababu ilikuwa angani, tatu zikateketea pamoja na nyingine ndogo. Hasara hiyo ilitokea baharini, lakini waliolipa gharama yake walikuwa askari wa miguu. Mpango wa kuwasogeza kwa helikopta ulikufa, na wengi wao wakavuka kisiwa kwa miguu, katika matope na baridi, mizigo mizito mgongoni. Mtu anayetazama jeshi moja tu ataiona meli iliyozama. Anayetazama yote kwa pamoja anaona papo hapo kwamba vita vya nchi kavu vimebadilika, na ni lazima aamue upya kabla ya jua kuchwa.

Upande wa sheria hauna mzaha hata kidogo. Itifaki ya kwanza ya 1977, inayoongezea Mikataba ya Geneva, inazitaka nchi wanachama zihakikishe makamanda wana washauri wa sheria wa kuwashauri, na inamwajibisha kamanda aliyejua uhalifu wa walio chini yake akanyamaza. Kwa hiyo karibu na kamanda wa operesheni za pamoja huketi mwanasheria. Shabaha inapopendekezwa, huulizwa kama kweli ni ya kijeshi, raia wangapi wanaweza kuumia, na kama madhara hayo hayapiti kiasi ukilinganisha na faida inayotarajiwa. Shabaha nyingine kamanda anaweza kuziidhinisha mwenyewe, nyingine ni lazima zipande kwa waziri. Wapo wanaolalamika kwamba mwanasheria anachelewesha vita. Mimi naona kinyume: kamanda anayejua mipaka yake mapema anaamua haraka zaidi kuliko yule anayeitafuta mipaka huku ndege iko angani.

Je, mkuu wa majeshi asingeweza kuyafanya haya yote mwenyewe? Japani ilijaribu. Machi 2011, baada ya tetemeko, tsunami na ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, wanajeshi wapatao 100,000 walipelekwa kusaidia. Mkuu wa wanadhimu wa pamoja, Jenerali Ryoichi Oriki, alitakiwa kuwashauri waziri mkuu na waziri wa ulinzi, kuwasiliana na Wamarekani, na wakati huohuo kusimamia operesheni kubwa kuliko zote katika historia ya jeshi lile. Mtu mmoja hawezi kuwa ofisini kwa waziri mkuu na katika chumba cha operesheni kwa wakati mmoja. Mjadala uliofuata ulichukua zaidi ya miaka kumi, hadi Machi 24, 2025 ilipozinduliwa Kamandi ya Operesheni za Pamoja huko Ichigaya, Tokyo, ikianza na watu wapatao 240 chini ya Jenerali Kenichiro Nagumo. Australia ilipita njia kama hiyo mapema zaidi: hadi 2007 kazi hii ilibebwa na naibu mkuu wa majeshi pamoja na majukumu yake mengine, kisha ikapewa mtu wake, mwenye makao yake Bungendore, karibu na Canberra.

Uingereza nayo ilikuwa ikichagua upya kila vita vilipozuka. Mwaka 1982 operesheni iliendeshwa kutoka makao ya wanamaji, Northwood. Mwaka 1991 iliendeshwa kutoka makao ya jeshi la anga, High Wycombe, chini ya Patrick Hine. Kila mara maofisa walilazimika kujifunza kufanya kazi pamoja huku vita vimekwisha kuanza. Makao makuu ya kudumu yalianza kazi Aprili 1996, ili vita vijavyo viwakute watu waliokwisha kuzoeana.

Kiti hiki kina hatari yake, na hatari hiyo inakua kadiri mawasiliano yanavyoboreka. Siku chache baada ya kutua Falklands, Brigedia Julian Thompson, aliyeongoza askari waliotua, aliitwa kwenye simu ya satelaiti huko Ajax Bay na kushinikizwa na Northwood atoke pwani na kusonga mbele, ikiwa ni pamoja na kushambulia Goose Green, mahali ambapo yeye hakupaona kuwa muhimu wakati ule. London walihitaji ushindi wa kuonekana. Thompson alihitaji helikopta ambazo hakuwa nazo tena. Mapigano yalifanyika, Argentina ikashindwa, na miongoni mwa Waingereza waliokufa alikuwamo kamanda wa kikosi kilichoshambulia, Luteni Kanali H. Jones. Waingereza bado wanabishana kama ilistahili.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Sehemu ya tatizo ilikuwa kwamba Woodward, Thompson na Michael Clapp, aliyeongoza meli za kushushia askari, wote walikuwa sawa chini ya Fieldhouse, bila mkubwa mmoja aliye medani ambaye angesimama kati yao na simu. Katika vita vya Ghuba vya 1991 Uingereza ilimweka Jenerali Peter de la Billière hukohuko medani, na Hine akabaki nyumbani. Mpangilio huo unaonyesha nusu ya kazi isiyotajwa katika maagizo yoyote. Kamanda wa operesheni za pamoja hubeba shinikizo la wanasiasa ili lisimwangukie aliye medani likiwa ghafi. Akilipitisha tu kama lilivyo, amekuwa karani wa simu. Leo, akiwa na picha za droni ukutani zinazomwonyesha hata askari mmoja mmoja, kishawishi cha kushuka ngazi na kumwamuru luteni apinde kushoto au kulia ni kikubwa kuliko alivyowahi kukutana nacho Fieldhouse. Kamanda mzuri huizima skrini au huwaachia wanadhimu waiangalie.

Nchi zinapopigana kwa muungano, uzi hukazwa zaidi. Kila taifa huazima askari wake kwa kamanda wa muungano, lakini hubakiza mtu mwenye haki ya kusema hapana. Juni 1999, huko Kosovo, Jenerali Wesley Clark wa NATO alitaka njia ya ndege ya uwanja wa Pristina izuiwe dhidi ya Warusi waliokuwa wametangulia kufika. Mike Jackson, Mwingereza aliyekuwa chini yake, alikataa na kuliwasilisha suala London, na serikali yake ikamuunga mkono. Kwa juu huu ni uasi. Kwa ndani ulikuwa mfumo ukifanya kazi kama ulivyoandikwa, kwa kuwa askari wale hawakuacha kuwa wa Uingereza hata siku moja.

Hadi leo zipo nchi kubwa zinazoendelea kulitafuta jibu lao. China iligawa majeshi yake katika kamandi tano za kimaeneo mwaka 2016. India ilianzisha kamandi yake ya kwanza ya majeshi matatu katika visiwa vya Andaman na Nicobar mwaka 2001, na ikapata mkuu wake wa kwanza wa majeshi yote mwanzoni mwa 2020, lakini mpango wa kuigawa nchi nzima katika kamandi za pamoja umezua ubishi mrefu. Jeshi la anga limekuwa likihoji hadharani: ndege ni chache, zinaweza kuvuka kutoka mpaka mmoja hadi mwingine kwa muda mfupi, kwa nini zifungwe kwa kamanda wa eneo moja? Hoja hiyo ina uzito. Wanaoupigania mpango nao hujibu kwamba bila mtu mmoja wa kuamua, ndege hizo zitafika pale jeshi la anga linapoona inafaa, wakati askari wa nchi kavu anazihitaji kwingine.